Unajenga Dodoma huku uko nje? Soma hii kabla hujatuma hela ya hita ya maji

Ndugu zetu mlioko Marekani, Uingereza na kule kwenye baridi za Skandinavia mnaojenga Iyumbu, Njedengwa, Nzuguni mpaka Mtumba huko, swali lenu huwa moja tu: niweke ile hita isiyo na tenki ya nyumba nzima, inayopasha maji yakiwa yanapita, kama niliyonayo huku, au niweke nini? Kwa nyumba nyingi za Dodoma usiweke. Weka shawa ya umeme, ile inayopasha maji palepale kwenye kichwa chake, kila bafu, au sola kama nyumba ina watu wengi muda wote. Najua jibu hilo halitoshi, maana kesho fundi atakupigia simu akuambie kuna mashine kaiona Kariakoo bei ya kutupa na utatuma hela, kwa hiyo twende na hesabu kidogo.

Kwanza kabisa msiwasikilize wa Dar wanaosema Dodoma joto maji ya moto ya nini. Huku tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Juni na Julai usiku unashuka mpaka nyuzi 13 hivi na ule upepo wetu juu yake, uje umwogeshe mtoto wa shule saa 11 alfajiri ndo utajua. Ila mchana jua likiwaka simtanki jeusi lililoko juu ya mnara linakupa maji ya uvuguvugu bure kabisa. Kwa hiyo shida yetu ni asubuhi na usiku, na miezi michache tu ndo inauma kweli.

Hesabu yenyewe ni rahisi, chukua lita unazotaka kwa dakika, zidisha kwa nyuzi unazopandisha, gawa kwa 14, unapata kilowati. Minnesota kule Marekani mwezi wa kwanza maji ya bomba yanaingia ndani yakiwa karibu nyuzi 5, ukitaka yafike 40 unapandisha 35, kwa lita 8 kwa dakika ni kilowati 20, ndo maana mmezoea mashine kubwa kubwa. Dodoma Juni maji yako kama nyuzi 20, unapandisha 20 tu, lita 8 zinataka kilowati 11 na kidogo, na lita 4 zinataka chini ya 6. Hiyo ya lita 4 ndo shawa ya kawaida ya kilowati 5.5 inayouzwa kila duka, zile za Lorenzetti za Brazil na nyinginezo. Sasa usije ukalalamika, huko Marekani kichwa cha shawa kinaruhusiwa mpaka lita 9 na nusu kwa dakika, huku utapata chini ya nusu yake. Maji ni ya moto, unaoga vizuri, ila yale mambo ya kusimama chini ya maporomoko sahau.

Halafu umeme. Kilowati 5.5 kwa volti 230 ni ampea 24, unaweka waya wa milimita 4 za mraba wa kwake peke yake kutoka kwenye breka ya 32 na mambo yanaenda. Ile ya nyumba nzima ya kilowati 18 ni ampea 78, umeme wa njia moja haubebi hiyo, ni lazima uombe TANESCO njia tatu (three-phase), ubadilishe mita na waya, na hapo gharama ya hita yenyewe inaanza kuonekana ndogo. Na jioni mtaa mzima ukiwasha umeme unashuka. Ukishuka mpaka volti 200 hita inapoteza karibu robo ya nguvu yake, utaona maji yamepoa ukadhani mashine ni mbovu kumbe ni laini.

Kwenye LUKU, ukinunua wa 10,000 unapata kama uniti 28, yaani uniti moja karibu 356 kodi na tozo zikiwa ndani. Mtu mmoja akioga dakika 10 kwa shawa ya 5.5 anakula uniti 0.9, tuseme 330. Watu watano kila siku ni karibu 50,000 kwa mwezi. Sio ndogo lakini sio ya kukimbia. Ila kuna kitu wengi hawakihesabu: kama nyumba ni ya mama au bibi na yuko kwenye tarifa ya D1, ile ya watumiaji wadogo wa mwisho uniti 75 kwa mwezi, hao watu watano kwenye kuoga tu wanafika uniti 138, anatolewa kwenye bei nafuu na umeme wote wa nyumba unapanda, mpaka wa taa na friji. Mama akianza kusema tangu uweke hilo dude umeme unaisha haraka, hajakosea. Kwake yeye ni bora hita ya tenki ndogo ya kuwasha siku za baridi tu, au birika tu na ndoo, nasema kweli.

Na ile hoja ya kwamba isiyo na tenki inaokoa umeme, ni kweli huko mliko. Wizara ya Nishati ya Marekani inasema nyumba inayotumia galoni 41 za maji ya moto kwa siku au pungufu, hizo ni lita 155, inaokoa asilimia 24 mpaka 34 ya nishati ukilinganisha na tenki, na nyumba inayotumia mara mbili yake inaokoa 8 mpaka 14 tu. Sababu ni kwamba tenki la huko linajipasha lenyewe usiku na mchana hata kama hakuna anayeoga. Huku nani anaacha hita imewaka siku nzima? Unabonyeza swichi, unasubiri, unaoga, unazima. Tenki la lita 50 kutoka nyuzi 20 mpaka 60 linakula uniti 2.3, na ukichanganya na ya baridi unapata lita 100 za kuogea. Hapo tofauti ya akiba imeshapotea, unachonunua kwa isiyo na tenki ni kutosubiri.

Gesi je? Watu wanaamini gesi ni rahisi. Kilo moja ya gesi ya mtungi inabeba nishati ya karibu uniti 12.8, toa inayopotea na moshi unabaki na kama 10 na nusu. Chukua bei ya mtungi wa kilo 15 siku hiyo, gawa kwa 15, gawa tena kwa 10.5. Ukiuziwa 58,000 uniti inakuja 368. Yaani hamna ulichookoa, faida yake ni moja tu, inatoa maji mengi kwa wakati mmoja bila kuhangaika na njia tatu. Ukiamua gesi basi hita ikae NJE ya nyumba ukutani, kamwe isikae bafuni, ule moshi una sumu isiyo na harufu na unaua mtu akiwa anaoga. Na tafadhali usitie kwenye kontena ile ya huko, nyingi za Marekani zinataka volti 120 na zimetengenezwa kwa gesi asilia ya bomba, ukizichomeka kwenye mtungi bila kubadilishiwa vifaa vyake ni hatari.

Sasa tufike kwenye kinachoua hita Dodoma, maji. Maji yetu mengi yanatoka ardhini, visima vya Mzakwe kule Makutupora, na waliochimba visima vyao wenyewe ndo kabisa, angalia ndani ya birika la nyumba yoyote uone ule ukoko mweupe wa chumvi. Hita isiyo na tenki ina njia nyembamba za maji, ukoko unaziba, joto halitoki, inaungua. Ile ya nyumba nzima inatakiwa isafishwe kwa siki au asidi ya limau angalau mara moja kwa mwaka, fundi aweke valvu mbili za kuisafishia toka mwanzo, na huku mafundi wanaojua hiyo kazi bado wachache. Shawa ya umeme ikiziba unabadilisha kikoili chake, ule waya unaopasha maji, maisha yanaendelea, na dukani ulizia ile ya maji ya chumvi maana ya kawaida haikai.

Presha nayo. Mgao wa maji wa DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, upo, kwa hiyo unaoga maji ya simtanki, na mnara wa mita 3 unakupa presha ya ba (bar) 0.3 tu. Hita kubwa nyingi hapo haziwaki kabisa mpaka uweke pampu ya kusukuma, hela nyingine hiyo. Shawa za umeme zimetengenezwa kwa presha ndogo.

Sola kwa jua letu hili ni tamu sana, mamilioni kadhaa mwanzo halafu LUKU haiguswi isipokuwa siku za mawingu za masika. Lakini kama nyumba inakaa tupu unakuja Desemba tu, fikiria mara mbili. Maji yakikata tenki likakauka zile mirija za kioo zinakuwa moto vibaya mno, maji ya baridi yakirudi saa 7 mchana zinapasuka. Nyumba tupu sola ifunikwe. Hapo shawa ya umeme inashinda tena, ukiwa haupo haili kitu.

Usalama sitaki mzaha. Shawa nyingi hizi waya wake wa moto unagusana na maji moja kwa moja, na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri zaidi. Nyumba bila ethi inayofanya kazi na breka inayokata umeme ukivuja, usifunge. Wale mnaosikia kwamba ukigusa koki inakutekenya, ndo hiyo, ethi hakuna. Mdogo wako anayesimamia saiti asilipe fundi kabla ethi haijapimwa na mita mbele yake.

Na kama bado uko kwenye lenta wala hujaamua, sawa, usinunue hita sasa. Mwambie fundi bomba apitishe bomba la PPR (lile la plastiki linalostahimili joto) la maji ya moto kutoka darini mpaka kila bafu na jikoni, na fundi umeme aache bomba la waya la kwake kutoka kwenye breka. Kisha wapige picha kila ukuta kabla ya plasta, futi kamba ikiwa imenyooshwa ionekane kwenye picha, wakutumie WhatsApp uhifadhi, ili siku ya kufunga hita mtu asije akatoboa bomba.