SOMO: Namna ya kusoma sauti za Kitamanaku, lugha iliyokufa ya Orinoco

Wadau salaam. Mtu kaniuliza lugha isiyo na msemaji hata mmoja sauti zake tunazipataje, basi tuchukue Kitamanaku, ya ukoo wa lugha za Kikaribi, iliongewa kandokando ya mto Orinoco huko Venezuela. Tegemeo letu kubwa ni maandishi ya padri Mjesuiti kutoka Italia, Filippo Salvadore Gilij, alikaa huko miaka 18 mpaka 1767 mfalme wa Hispania alipowafukuza Wajesuiti, ndo akaandika akiwa Roma.

Hatua ya 1: jua kaandika kwa tahajia gani. Ni Kiitaliano, kwa hiyo c mbele ya e au i ni ch yetu, na sc hapohapo ni sh. Ukiisoma c hiyo Kihispania utapata s na hapo umeshaharibu, utaona sasa hivi kwa nini.

Hatua ya 2: linganisha na ndugu zake. Wakarinya na Wapareka ni watu wa ukoo huohuo wa lugha. Bakuli, Wakarinya walisema sarera, Watamanaku charera, Wapareka sharera. Yatamke yote kwa sauti, ni neno moja limegeuka mwanzo tu. Gilij akaona kila penye sa, se, si za Kikarinya, Watamanaku wanaweka ch. Kachapisha haya 1782, miaka 4 kabla ya hotuba maarufu ya William Jones, jaji Mwingereza huko India, aliyosema Kisanskriti ni ndugu wa Kigiriki na Kilatini, na bado Jones ndo anatajwa kila mahali, inaniuma kweli. Alipokosea ni kudhani Kikarinya ndo mama, kumbe wote ni ndugu.

Hatua ya 3: irabu, hapa usikimbie. Lugha nyingi za ukoo huu zina irabu ya sita, sema u halafu tandaza midomo kama unatabasamu, utaikaribia. Kiitaliano hakina herufi yake, so i au u ya Gilij usiiamini mpaka uicheki kwenye lugha ndugu zilizo hai.

MASWALI

– Mkuu, s na ch si bahati tu?
Neno moja ndio, ila ikijirudia ni kanuni. Angalia Kimvita na Kiunguja: mtele/mchele, matozi/machozi, kuteka/kucheka.

– Mkazo je?
Kwenye charera kaweka alama juu ya e, silabi ya pili toka mwisho kama kwetu. Ila kila neno fuata alama yake, usipeleke mazoea ya Kiswahili huko.