Kadi ya chanjo ya pepopunda isitupwe
Mjamzito asiye na kumbukumbu ya kuchanjwa dhidi ya pepopunda apate dozi ya kwanza mapema, na ya pili baada ya wiki 4, ilimradi itangulie kujifungua kwa angalau wiki 2, kwa kuwa mwili huhitaji muda wa kujenga kinga ambayo mtoto huipata kupitia kondo la nyuma. Kadi, ambayo baadhi huitupa mtoto akishazaliwa, itunzwe hadi dozi zote 5 za chanjo hiyo zitimie, mbili hizo zikiwa za mwanzo. Ili pepopunda isimwingie mtoto kupitia kidonda cha kitovu, kitovu kikatwe kwa wembe mpya au kifaa kilichotakaswa, wala kisipakwe udongo, majivu au samadi. Mtoto aliyenyonya vizuri siku 2 za kwanza kisha akashindwa kunyonya apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda ni pepopunda.