Namna ya kujitengenezea partisyo safi ya Ave verum ya Mozart kwa korale yako, hatua kwa hatua

Ba maestro wa hapa Bukavu, na wa Goma na Uvira pia, hii kazi nimeiandika kwa ajili yenu. Korale zetu nyingi zinaimba Mozart kwa fotokopi ya fotokopi, ile mistari mitano imebaki mitatu, dieze (♯) imegeuka doa, na pembeni kuna pp (polepole sana kwa sauti) na crescendo (kukuza sauti) ambazo hakuna anayejua nani aliziweka. Siku ya repetisyo ba alto wanashika toleo moja, mpiga ogani anashika lingine, nusu saa inaisha kwa mabishano. Sasa kujitengenezea partisyo (karatasi ya nota za sauti zote) inawezekana kabisa, ordinatere ya kawaida inatosha na programu iko ya bure, ila kuna jambo moja usiliache toka mwanzo mpaka mwisho: kila alama iliyo kwenye karatasi ujue imetoka kwa nani, kwa mtunzi, kwa mhariri au kwako wewe, na mwimbaji akiishika ile karatasi naye aweze kujua.

Hatua ya 1: chagua kitu kifupi

Mimi nachukua Ave verum corpus, K. 618 (namba yake kwenye orodha ya kazi za Mozart), juu inaimbwa sana na iko na mezire 46 tu, yaani vile vipande kati ya mistari ya wima. Mozart aliiandika Baden, karibu na Vienna, tarehe 17 Juni 1791, na tarehe 5 Desemba mwaka uleule akafa. Alimwandikia Anton Stoll, aliyekuwa anaongoza kwaya ya kanisa la pale, kwa hiyo ni muziki wa kwaya ya parokia kama zetu: sauti nne, vyombo vya nyuzi na ogani. Haleluya ya Händel najua wote mnaitaka, lakini iacheni kwanza, ni ndefu mara mbili na ina tarumbeta na timbali.

Hatua ya 2: kusanya vyanzo

Usifanye kazi na karatasi moja. Ingia IMSLP, hiyo maktaba ya mtandaoni iliyofunguliwa 2006, utafute toleo la zamani la Breitkopf & Härtel, lile la kazi zote za Mozart walilolianza 1877. Halafu ingia kwenye Neue Mozart-Ausgabe, toleo la kitaalamu la Bärenreiter, ambalo Mozarteum, taasisi ya Mozart ya Salzburg, waliliweka wazi kwenye intaneti toka Desemba 2006. La tatu ni CPDL, iko toka 1998, pale watu wa korale duniani kote wanaweka matoleo yao, kuna mazuri sana na kuna mengine ambayo mtu aliandika haraka haraka tu. Telesharje zote siku neti iko nzuri, weka kwenye fleshi.

Kuhusu haki, sikilizeni vizuri. Mozart ni wa wote, lakini kazi ya mhariri wa leo inaweza kuwa na mwenyewe, na rediksyo ya piano (vyombo vyote vikipunguzwa kwa piano moja) au tafsiri mpya ya maneno pia. Neue Mozart-Ausgabe ya mtandaoni wameiruhusu kwa kujifunza na kufundisha, hawakuruhusu uifotokopi ugawie korale nzima. Kwa hiyo nota unazinakili kutoka lile la zamani, lile jipya unalitumia kukagua. Na ukichukua kitu CPDL soma ule mstari wa chini ya ukurasa wa kwanza, mhariri ameandika anachoruhusu.

Hatua ya 3: jifunze kutofautisha mkono wa mtunzi na wa mhariri

Hapa njo penye kazi yenyewe, msipite mbio.

Kwenye maandishi ya mkono ya Mozart kuna neno moja tu la kuelekeza namna ya kuimba, sotto voce, pale mwanzoni, yaani sauti ya chini, ya kujizuia. Basi. Sasa chukua ile fotokopi ya parokia yako uhesabu: p, pp, cresc., f, dim. za kukuza na kupunguza sauti, rit. ya kupunguza mwendo mwishoni. Zote hizo ni za watu waliokuja baadaye. Si kwamba ni mbaya, nyingine ni nzuri na mimi mwenyewe naziimbisha, lakini usimwambie mama wa alto «Mozart anataka forte hapa» wakati Mozart hakusema.

Toleo la kitaalamu linakusaidia juu lina kanuni zake. Kwenye Neue Mozart-Ausgabe herufi na maneno aliyoongeza mhariri yamelala, ya italiki, dieze na bemoli (♭) zake ni ndogo, tao la kuunganisha nota na alama za kukuza sauti zimechorwa kwa vistari vilivyokatika. Ukishalijua hilo unafungua ukurasa wowote na kwa macho tu unajua nini ni cha nani.

Na neno Urtext, yaani «maandishi asilia», lisiwadanganye. Wachapishaji Henle wameanza kutoa matoleo ya namna hiyo toka 1948, Bärenreiter nao wanayo, ni kazi nzuri mno, lakini Urtext si picha ya maandishi ya mtunzi. Mhariri amelinganisha maandishi ya mkono, nakala za wakati ule na chapa za kwanza, halafu akaamua. Pale vyanzo vinapopingana alichagua kimoja, na sababu zake zimo kwenye ripoti ya uhakiki inayoendana na toleo. Ukiipata isome, hata ukielewa nusu tu.

Hatua ya 4: ingiza nota, na usiogope kle za do

Telesharje MuseScore, programu ya kuandika nota, iko ya bure. Kama mashini yako ni ya zamani chukua MuseScore 3, ni nyepesi, na zile sauti kubwa za toleo la 4 si za lazima.

Ukifungua lile la Breitkopf utashtuka: soprano, alto na tenori zote ziko kwenye kle ya do (kle ni ile alama ya mwanzo wa mistari inayoonyesha nota ipi inakaa wapi). Wengi hapo njo wanaacha. Kumbe ni rahisi, pale katikati ya ile kle inapokaa ndiyo do ya kati. Soprano iko mstari wa chini kabisa, alto mstari wa katikati, tenori mstari wa nne ukihesabu kutoka chini.

Na kuna njia ya kukusaidia. Weka mistari mitano ya soprano, ipe kle ya do ya soprano kutoka kwenye paleti, halafu kwa mausi bofya kila nota palepale unapoiona kwenye karatasi, bila hata kufikiri jina lake. Ukimaliza chukua kle ya sol uiangushie juu ya ile ya mwanzo. MuseScore itahamisha nota zote zenyewe bila kubadilisha sauti hata moja. Fanya vilevile kwa alto, na tenori umpe kle ya sol yenye 8 chini. Ba basi wao wako tayari kwenye kle ya fa, hapo tumia kibodi: N kuanza kuandika, 5 ni nuaru (robo), 6 ni blanshi (nusu), 7 ni rondi (nota nzima), na herufi ukumbuke A ni la, B ni si, C ni do, juu sisi tuliofundishwa kwa Kifaransa vidole vinachanganyikiwa hapo.

Ogani kwenye partisyo kamili ina mstari wa besi tu, mkono wa kulia haujaandikwa. Mpiga ogani wetu anahitaji mikono miwili, kwa hiyo unautengeneza mwenyewe kutoka kwa vyombo vya nyuzi na sauti, na unaandika wazi kwamba ni wako.

Hatua ya 5: maneno

Ctrl+L, silabi, kistari, silabi. Kilatini kwetu si shida, kinasomeka karibu kama kilivyoandikwa. Ila angalia pale «unda fluxit et sanguine»: kuna vitabu vya sala vyenye «fluxit aqua et sanguine», na kila mara anatokea mtu anataka kusahihisha. Usisahihishe, nota za Mozart zimekaa juu ya maneno yake.

Hatua ya 6: nyuansi zako, kwenye mabano

Wewe ni maestro, una haki ya kuamua. Mimi pale «in mortis examine» ya mwisho nataka sauti ikue, basi naweka alama ya kukuza lakini ya vistari vilivyokatika, na pumzi naziweka koma kwenye mabano. Kile sotto voce cha Mozart kinabaki cha herufi zilizosimama, bila mabano, na mwimbaji anaona tofauti bila kuambiwa.

Hatua ya 7: solfa

Waimbaji wengi wanasoma d r m kuliko nota, wasiachwe. Andika solfa chini ya kila sauti kama maandishi ya kawaida. Muziki uko kwenye re kubwa, kwa hiyo re ndiyo d. Lakini kwenye «cujus latus» unahama kuelekea fa kubwa, hapo d inahama nayo, na lazima uandike nota ya daraja yenye herufi mbili: nota la, kwa mfano, ilikuwa s, sasa inakuwa m. Korale ikishindwa hapo mara nyingi si masikio mabaya, ni daraja halikuandikwa.

Hatua ya 8: karatasi

Nakala ya korale iwe ya sauti nne tu, ogani abaki na yake, ila mezire zile mbili za mwanzo kabla ya sauti kuingia ziwekee nota ndogo za ogani ili watu wasikie wanapoingia. Mezire nne kwa mstari, mistari mitatu kwa ukurasa, unapata kurasa 4, yaani A3 moja iliyokunjwa, hakuna karatasi ya kuanguka katikati ya komunyo. Ba papa na ba mama wenye macho mazito watolee nakala yao peke yake, mezire tatu kwa mstari na nota kubwa.

Hatua ya 9: kagua na mtu mwingine

Macho yako yameshazoea, hayaoni tena. Mtu mmoja asome chanzo kwa sauti, «alto, mezire ya 12, fa dieze, blanshi», mwingine afuate kwenye yako kwa kalamu. Halafu piga kila sauti peke yake kwenye MuseScore, halafu zote pamoja. Hesabu mezire, ziwe 46. Palipo na tofauti kati ya toleo la zamani na jipya andika kwenye daftari: mezire gani, sauti gani, nini kipo huku, nini kipo kule, nimechagua kipi na kwa nini.

Hatua ya 10: mstari wa chini ya ukurasa

Weka chanzo ulichonakili, toleo ulilokagulia, maelezo kwamba mabano na vistari vilivyokatika ni vya maestro, jina la korale, na tarehe ya toleo. Baada ya repetisyo ya kwanza kusanya nakala zote, soma kila alama ya kreyo ambayo waimbaji wameweka, rekebisha, badilisha tarehe, tuma PDF mpya kwenye grupu ya WhatsApp na uwaambie wafute ile ya zamani.