Eagle Scout na maombi ya chuo Marekani: hatua kwa hatua

Nimekaa na vijana wengi wa kikosi cha skauti tukijaza fomu za vyuo, na swali la wazazi huwa lile lile: akifika Eagle, daraja la juu kabisa la skauti huko Marekani, chuo kitamchukua? Kwa chuo chenye ushindani, alama na uzito wa masomo hutangulia, na hakuna nishani inayofuta alama mbovu. Nishani hupata nguvu pale wawili wenye alama zinazokaribiana wanapolinganishwa, na hapo msomaji wa maombi chuoni hutafuta ulichokifanya wewe mwenyewe. Hatua zote hapa chini zinalenga kumwonyesha hilo.

1. Anza na kalenda

Eagle hudai beji za ustadi 21, miezi sita ya uongozi ukiwa Life Scout (daraja linalotangulia Eagle), na mradi wa kuihudumia jamii, vyote kabla hujatimiza miaka 18. Wengi huishika tarehe hiyo ya kuzaliwa wakasahau tarehe ya chuo. Maombi ya mapema kwa kawaida hufungwa mwanzoni au katikati ya Novemba ya mwaka wa mwisho wa sekondari, na ya kawaida karibu na Januari mosi. Aliyezaliwa Mei anaweza kumaliza Aprili bila kuvunja kanuni yoyote ya skauti, ila fomu zake zitakuwa zimeshasomwa. Panga jopo la tathmini, linalokuhoji kabla ya kupewa Eagle, likae kabla ya mwaka huo wa mwisho kuanza. Ukichelewa, andika ukweli: Life Scout, mradi unaendelea. Usijipe daraja ambalo bado hujalipata.

2. Gawa nafasi za fomu

Common App, fomu moja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi, ina nafasi 10 za shughuli na 5 za tuzo. Eagle iende kwenye tuzo. Kazi uliyoifanya kikosini iende kwenye shughuli, ambako maelezo hayazidi herufi 150, na nafasi tupu zikihesabiwa. Hapa ndipo wengi wanapopoteza. "Nilikuwa skauti kwa miaka mingi, nikajifunza uongozi na ushirikiano" inaweza kuwa ya yeyote. Fomu utaijaza kwa Kiingereza, lakini muundo wa sentensi uwe hivi: "Niliongoza vijana 30 kwa mwaka, nilipanga kambi, nilifundisha huduma ya kwanza, nilichangisha fedha za mahema." Kitenzi, idadi, matokeo. Idadi iwe ya kweli. Daftari la mradi wako lina saa za waliojitolea na fedha zilizotumika, lichambue.

Kama ulikuwa Senior Patrol Leader, ongeza maneno machache ya kueleza kwamba ndiye kijana anayeongoza kikosi kizima. Si kila msomaji aliwahi kuwa skauti.

Fomu ya University of California ni nyingine kabisa: nafasi 20 kwa shughuli na tuzo pamoja, na maswali mafupi manane, unayojibu manne kwa maneno yasiyozidi 350 kila moja. Mojawapo ni la uongozi. Lichague.

3. Insha

Usisimulie sherehe ya kuvishwa nishani. Usisimulie pia mradi mzima kuanzia kupima mbao hadi kupaka rangi. Wasomaji wamekutana na miradi mingi ya mabenchi ya makanisani. Tafuta mahali kazi ilipokwama: mwenye uwanja alipokataa, waliojitolea walipopungua, au rafiki yako alipopinga mpango wako na ukaona ana hoja. Eleza ulivyofikiri, kisha ulichobadilisha. Insha ya Common App ina maneno 250 hadi 650, kwa hiyo tukio moja linatosha sana. Na kama jambo lililokugusa zaidi maishani halihusu skauti, andika hilo, uiache Eagle ikae kwenye orodha ya tuzo.

4. Barua ya kiongozi wa kikosi

Itume tu pale chuo kinaporuhusu barua ya ziada. Mwombe kiongozi aandike jambo ambalo mwalimu wa darasani hawezi kuliona, mfano ulivyomtuliza mtoto mdogo usiku wa kwanza kambini. Mpe tukio na tarehe, asije akaandika sifa za jumla.

5. Wasichana, na vyuo vya kijeshi

Tangu 2019 wasichana nao huingia katika programu inayofikisha Eagle, kwenye shirika ambalo sasa linaitwa Scouting America. Gold Award ni ya Girl Scouts, shirika jingine, na ndiyo tuzo yao ya juu kabisa. Haijulikani sana kama Eagle, kwa hiyo itaje hivyo waziwazi: tuzo ya juu kabisa ya Girl Scouts.

West Point (chuo cha jeshi la nchi kavu) na Annapolis (cha jeshi la majini) huutazama uongozi kwa uzito wa pekee, na huko Eagle na Gold Award zinafahamika vizuri. Lakini utahitaji pia uteuzi, mara nyingi wa mbunge au seneta wako, na maombi hayo hujazwa kando. Ofisi nyingi huyapokea kabla ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo waulize wakati wa kiangazi kinachotangulia.