Namna ya Kukusanya na Kupima Maoni ya Wateja wa Mgahawa wa Mtaani

Mwenye mgahawa wa chai Ngamiani, Tanga, anayetaka kujua wateja wanamwonaje, aache kwanza kuuliza, "Chakula kilikuwaje?" Mteja aliyelelewa Pwani atajibu, "Kizuri, ahsante," hata kama hamri lake, yaani andazi lenye tui na iliki, lilikuwa limelowa mafuta, kwa kuwa kumtajia mpishi kasoro yake mbele ya watu ni kukosa adabu. Uliza jambo moja linaloshikika: je, iliki imezidi, mbaazi zimeiva sawasawa, tui limekuwa jepesi? Ni vyema pia anayeuliza awe mtu mwingine asiyekuwa mpishi, tena baada ya ile haraka ya asubuhi, watu wanapokaa kumalizia chai yao.

Sahani nazo husema, na kwa maoni yangu husema kweli kuliko midomo. Mwagize anayeondoa vyombo asimwage mabaki kabla ya kuyatazama. Hamri lililoumwa mara moja likaachwa lipasuliwe: ukikuta unga mbichi ndani ilhali nje limekolea rangi, mafuta yalikuwa na moto mkali mno, ukikuta mafuta yamepenya hadi ndani, lilitumbukizwa kabla hayajapata moto wa kutosha. Hapo umekwisha kupata maoni ya mteja ambaye hakufungua kinywa.

Yote hayo yaandikwe kwenye daftari siku ileile, kwa maneno aliyoyatumia mteja mwenyewe, pamoja na tarehe, saa, chakula alichokula, na kama ni mteja wa kila siku au mgeni. Jina halihitajiki. Ukichukua namba ya simu ili umrudie, mweleze sababu na usiitumie kwa jambo jingine, kwa kuwa Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kazi ngumu ni kuyapima, maana lawama moja huweza kuwa kasoro ya kweli, tofauti ya ladha tu, au mtu kutofahamu mahali alipoingia. Mfano mzuri unatoka mbali, katika migahawa ya Kiyahudi ya New York inayouza begeli, yaani mkate wa duara wenye tundu katikati. Donge la begeli huchemshwa kwa muda mfupi kwenye maji kabla ya kuokwa, na ndiyo sababu ganda lake hung'aa na sehemu yake ya ndani huwa ngumu kiasi kwamba lazima itafunwe hasa. Mgeni aliyezoea mkate laini hulalamika kwamba ni mgumu, na mwenye duka akimsikiliza akaacha kuuchemsha, atawapoteza wale waliokuwa wakiufuata ugumu huohuo. Vivyo hivyo, mgahawa unaoshika masharti ya kosha, yaani sheria za Kiyahudi za vyakula, hauchanganyi nyama na maziwa, kwa amri inayotokana na Torati. Kwa hiyo mteja anayenung'unika kuwa amenyimwa jibini juu ya nyama yake hajaonyesha upungufu wowote wa huduma.

Nasi tunao wageni wa namna hiyo. Yupo anayetoka bara, akapasua hamri na kulikuta tupu ndani, akadhani amepunjwa, ilhali hamri lililoumuka vizuri ndivyo linavyotakiwa kuwa. Yupo mwingine anayekuta mlango umefungwa mchana wa Ramadhani akasema wenye mgahawa ni wavivu. Maoni ya hawa yaandikwe pia, lakini dawa yake ni maelezo mafupi au kibao mlangoni; mapishi yasiguswe.

Malalamiko ya bei na ukubwa wa kipande yasomwe pamoja na tarehe. Wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini, bahari inapochafuka na vyombo vidogo vinaposhindwa kutoka, samaki huadimika na bei yake sokoni hupanda, hata mpishi mwaminifu akalazimika kupunguza kipande. Lawama hiyohiyo ikiendelea kaskazi, yaani msimu wa upepo wa kaskazini, samaki wakiwa tele, basi mwenye mgahawa ajitazame.

Mambo ya afya hayangoji kuhesabiwa. Mteja mmoja akisema ameumwa tumbo baada ya kula, au mbaazi zilikuwa zimechacha, chakula hicho kisitishwe mara moja, vyombo na maji vikaguliwe, na ikibidi afisa afya wa kata aarifiwe, hata kama wengine wote walikula wakasifu.

Kwa mengine, subiri mpaka wateja wa kila siku wasiokaa meza moja wakutajie jambo lilelile, kisha ubadilishe kitu kimoja kwa wakati, kwani ukipunguza sukari na kubadili unga siku moja hutajua ni lipi lililowapendeza. Aliyetoa lawama ya haki apelekewe hamri jipya atakaporudi, aulizwe kwa upole kama sasa limekaa sawa, na jibu lake liandikwe chini ya lile la kwanza.