Namna ya kuandaa mabua ya mpunga kwa urea kabla ya kiangazi kukolea

Kiangazi kilichopita shemeji yangu anayefuga Misungwi alinipigia simu akiwa na swali moja: kwa nini ng'ombe wake wanalala matumbo yakiwa yamejaa mabua ya mpunga, na bado mifupa ya nyonga inazidi kuchomoza? Nilikaa kwake siku mbili tukaandaa shimo la kwanza. Ninaandika hapa yale niliyomwonyesha, pamoja na kosa nililowahi kulifanya mimi mwenyewe.

Jibu la swali lake limo ndani ya rumeni, yaani tumbo la kwanza, ambalo ni kubwa kuliko mengine matatu na hujaza karibu upande wote wa kushoto wa ng'ombe. Ng'ombe hana kimeng'enya chake cha kuvunja selulosi, yaani nyuzi ngumu za mimea; kazi hiyo hufanywa na bakteria, protozoa na fangasi wanaoishi humo katika joto la nyuzi 39 hivi, mahali ambapo karibu hapana oksijeni. Vijidudu hivi huchachusha nyasi na kutoa asidi ya asetiki, ya propioniki na ya butiriki, ambazo hupenya ukuta wa rumeni na kuingia kwenye damu, na sehemu kubwa ya nguvu za ng'ombe hutoka huko. Baadaye vijidudu vyenyewe husukumwa hadi tumbo la nne, vikameng'enywa na kuwa protini ya mnyama. Ili vizaliane vinahitaji naitrojeni, na chakula chenye protini ghafi chini ya asilimia 7 hivi hakivitoshi, ilhali mabua makavu ya mpunga huwa na asilimia 3 hadi 5 tu. Vijidudu vikipungua, mabua hukaa tumboni muda mrefu bila kuvunjika, na mnyama haongezi kula kwa sababu hana pa kuyaweka.

Urea, ile mbolea yenye naitrojeni nyingi, ikilowa ndani ya mabua yaliyofungiwa hugeuka kuwa gesi ya amonia. Amonia hulegeza lignini inayoshikilia nyuzi za mabua, na inayobaki humo huwa ndiyo naitrojeni ya vijidudu.

Hatua ya 1: Vipimo. Kwa kilo 100 za mabua makavu chukua kilo 4 za urea na lita 80 hadi 100 za maji. Tumia mizani ya kuning'iniza. Sikubaliani kabisa na wanaopima urea kwa kisado, kwa kuwa visado havilingani, na urea si pumba ambayo ikizidi kidogo haina neno.

Hatua ya 2: Shimo. Hapa ndipo nilipopoteza kazi ya wiki tatu. Shamba langu liko mbugani, kwenye udongo mweusi wa majaruba, na niliamini kwamba udongo unaotunza maji ya mpunga msimu mzima ungeweza kutunza gesi pia. Nilitandika nailoni chini na juu, kuta nikaziacha udongo mtupu. Udongo wa mbuga ukikauka hupasuka, na kufikia Agosti nyufa zake zinameza kiganja hadi kwenye kifundo. Nilipofunua sikusikia harufu yoyote ya kuchoma pua; mabua yalikuwa na rangi ileile hafifu ya siku ya kwanza, na pembeni, yalipogusana na udongo, yalikuwa yameshikamana kwa ukungu mweupe. Amonia ilikuwa imetoka yote kupitia kwenye nyufa, na unyevu uliobaki ukaotesha ukungu. Niliyateketeza yote, kwa sababu mabua yenye ukungu hayafai kulishwa hata baada ya kuanikwa.

Kwa hiyo chimba sehemu iliyoinuka, kwenye udongo wa kichanga ambao Wasukuma huuita luseni, na kwa kuwa kuta za kichanga humomonyoka, usizidishe kina cha mita 1 na nusu. Upana na urefu wa mita 1 hutosha kilo 100. Nailoni iwe nzito, kipande kimoja kinachofunika chini, kuta zote nne na kurudi juu. Viroba vilivyoshonwa havifai, kwa kuwa hupitisha hewa kwenye kila mshono. Ikague nailoni kwa kuinua dhidi ya jua, na kila tundu lizibe kabla ya kuitandika. Kama huna ila mbuga, jenga boksi la matofali juu ya ardhi, ingawa nalo litahitaji nailoni ileile.

Hatua ya 3: Kunyunyizia. Koroga urea hadi chembe ziishe (utaona ndoo inapoa mkononi, na hilo ni la kawaida), kisha nyunyiza kwa keni tabaka baada ya tabaka, ukishindilia kwa miguu. Ndoo yenye mabaki isiachwe karibu na mifugo hata dakika moja. Ng'ombe aliyekunywa urea hutetemeka, hutokwa na mate, huvimba tumbo na anaweza kufa ndani ya saa chache. Mwite mtaalamu wa mifugo mara moja, na huduma ya kwanza ni kumnywesha siki pamoja na maji mengi ya baridi.

Hatua ya 4: Funika, weka udongo juu yake kwanza, ndipo uongeze mawe, ambayo Mwanza hatuyakosi. Subiri siku 21.

Hatua ya 5: Kulisha. Mabua yaliyoiva huwa ya hudhurungi, laini, na harufu yake hutoa machozi. Toa ya siku moja, yaanike usiku kucha ili amonia iliyozidi itoke, na ufunike shimo papo hapo. Siku za kwanza changanya robo tu na mabua ya kawaida, ukiongeza taratibu kwa wiki mbili, kwa kuwa vijidudu huhitaji muda huo kubadilika. Usianze na ng'ombe aliyelala njaa. Ongeza pumba laini kidogo, kwa sababu vijidudu visipopata wanga havitaweza kuitumia amonia. Epuka pumba za mashineni zilizojaa maganda. Jiwe la chumvi la madini na maji ya kutosha viwepo. Ndama chini ya miezi 6 na punda wasipewe, kwa kuwa ndama rumeni yake haijakomaa na punda hana rumeni kabisa.

Shemeji aliniuliza atajuaje kwamba kazi inakwenda. Nilimwekea ngumi kwenye kishimo kilicho nyuma ya mbavu za kushoto za jike lake jeusi, akasikia rumeni ikijisukuma taratibu, mara moja au mbili kwa dakika. Kisha tukakaa kivulini kuhesabu kucheua: siku ile jike lilitafuna mara 38 kwa tonge moja kabla ya kumeza. Baada ya wiki tatu za kulisha aliniandikia kwamba amehesabu 57.