Tishu na kopo katika msala mmoja: namna ya kununua na kupanga

Nyumbani kwetu Kisauni wapo wanaojisafisha chooni kwa kopo la maji pekee, wapo wanaotumia tishu pekee, na wapo kama mimi tunaotumia vyote viwili. Mimi ni mzaliwa wa Murang'a niliyeolewa pwani, na tunaishi na mavyaa wangu. Msala, yaani choo, ni mmoja. Nyumba za namna hii ni nyingi siku hizi, kwa sababu watu wa bara na wa pwani wameoana na kupangishana vyumba, na ni haki kila mmoja aingie msalani akute anachokihitaji.

Nikiwa mdogo, tishu ilikuwa kitu cha hoteli. Kando ya choo cha shimo kulikuwa na ua wa maigoya, mmea wenye jani pana, laini, lenye vinyweleo na harufu nzuri, majani yale yale tuliyokuwa tukifunikia ndizi ziive. Ulichuma ukielekea chooni. Kwingine kwenye mahindi watu walitumia magunzi. Baadaye ikaja zama ya gazeti: baba alilikata vipande mraba, akavitunga kwenye waya na kuutundika msumarini, nawe ulikifikicha kipande hadi kikalainika. Mavyaa wangu hakupitia hayo. Kwao ni maji tangu hapo, na watoto hufunzwa chuoni, yaani madrasa, namna ya kustanji, kujisafisha baada ya haja: maji yakikosekana, mawe matatu au zaidi, kamwe si mfupa wala mavi ya mnyama. Ukienda magofu ya Gede karibu na Malindi, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, utaona vyoo ndani ya nyumba vikiwa na mahali pa kuchambia. Karatasi iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hii ilianza kuuzwa Marekani na Joseph Gayetty mwaka 1857. Kwa hiyo anayedhani kopo ni dalili ya umaskini, hajui historia ya pwani.

Msimamo wangu ni kwamba maji husafisha, tishu hukausha. Na hapo ndipo wanunuzi wengi hukosea: nyumba ya maji ndiyo inayohitaji tishu bora, si ile ya tishu kavu. Tishu ya tabaka moja ikigusa ngozi iliyolowa hukatika na kubaki mwilini vipande vipande, na mtu akivuta nyingine na nyingine, roli humalizika upesi. Ya tabaka mbili, vipande vitatu vinatosha kukausha. Anayetumia tishu pekee aweza kukunja ile ya tabaka moja mara kadhaa na ikamfaa.

Dukani, usinunue kwa macho. Roli mbili zaweza kulingana kwa ukubwa na moja ikawa nusu ya nyingine kwa uzito, maana ukiisokota kwa ulegevu na kulipanua lile bomba la kadibodi la katikati, roli huvimba. Ibinye ubavuni: vidole vikizama, ndani ni hewa. Mwenye duka ana mizani ya kupimia sukari, mwombe akupimie. Tuseme roli moja ni shilingi 30 na ina gramu 75, nyingine ni shilingi 45 na ina gramu 130. Ya kwanza unalipa shilingi 4 kwa kila gramu 10, ya pili kama shilingi 3 na nusu. Ile ya bei ya juu ndiyo rahisi. Tazama pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye paketi.

Rangi ya kijivujivu isikutishe. Viwanda vya Nairobi kama Chandaria hukusanya karatasi kuukuu na kuzigeuza tishu, na hilo ni jambo jema. Kinachonikera mimi ni manukato na maua ya rangi. Mwenye ngozi nyepesi, na hasa mwanamke, huweza kuwashwa na manukato hayo bila kujua chanzo. Chukua isiyo na harufu.

Kuna jaribio moja ambalo kila mwenye choo cha kuvuta maji alifanye kabla hajanunua beli zima. Twaa chupa yenye mdomo mpana, itie maji nusu, weka vipande viwili vya tishu, funika, tikisa kwa nguvu kwa muda mfupi. Tishu ya chooni hutawanyika ikawa uji mwepesi. Kisha fanya hivyo hivyo kwa kipande cha sevieti ya mezani au karatasi ya jikoni: utaitoa nzima, maana imetiwa dawa ya kuizuia isichanike ikilowa. Hiyo ndiyo inayokwama kwenye kona ya bomba. Gazeti nalo halitawanyiki upesi. Wale wanaosema "tishu imeisha, tumia sevieti" ndio wanaomwita fundi kuja kufukua chemba. Vile vitambaa vyenye unyevu vya kupangusia watoto ni vibaya zaidi, kwani vingi vina nyuzi za plastiki, havitawanyiki wala haviozi. Hivyo pamoja na pedi, nepi na pamba viende kwenye ndoo yenye kifuniko, imwagwe kila siku.

Sasa kupanga msala. Katika nyumba ya maji, adui wa tishu ni michirizi. Nilichukua mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko, nikautoboa tundu chini, nikaupiga laini ukingo wa tundu kwa jiwe usimkate mtu, nikausimamisha juu ya rafu iliyo juu kuliko kichwa cha mtu aliyechuchumaa. Roli imo ndani, lile bomba la katikati limeondolewa, na tishu huvutwa kuanzia katikati ikishuka tunduni. Hailowi hata mtu akichota maji kwa fujo. Ukitumia kishikio cha ukutani, ncha ya tishu ipite mbele, isiegemee ukutani, ili mkono usiguse ukuta.

Kopo liwe na mpini na mdomo mwembamba, na lisitoke msalani kwenda kuogea wala jikoni. Lita moja hutosha. Mombasa maji ya mfereji hukatika, na mitungi ya mkokoteni ni ghali, kwa hiyo sisi tuna pipa la maji ya kisima, yenye chumvi, kwa kazi ya msalani tu. Maji ya kisima kilicho karibu na mashimo ya vyoo si ya kunywa. Lifunike pipa mbu wasizalie humo. Lamu walijenga birika za maji ndani ya vyoo na kuwaweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu, nasi wa mapipa ya plastiki tutumie kifuniko.

Mtoto wa miaka minne au mitano aanze kufunzwa: mkono wa kulia unamimina, wa kushoto unaosha. Wasichana wafundishwe mapema kwamba kuosha na kupangusa ni kutoka mbele kwenda nyuma, vijidudu vya nyuma visifike njia ya mkojo. Usione haya kulisema hili, maana maambukizo ya mkojo huwatesa. Mwenye bawasiri asisugue kabisa. Aoshe kwa maji ya vuguvugu, halafu aikandamize tishu taratibu hadi pakauke.

Mlangoni tundika kibuyu chirizi ikiwa hakuna sinki: jerikani ya lita 5 yenye tundu, kamba na kijiti cha kukanyaga, sabuni imefungwa uzini pembeni. Mikono isuguliwe kwa sabuni sekunde 20, hata na aliyetumia tishu pekee.

Akiba ya tishu usiiweke sakafuni. Hewa ya pwani ina unyevu na mende hupenda karatasi. Mimi huifunga kwenye ndoo kavu juu ya kabati, natoa roli moja moja, na kila anayemaliza ya mkebeni anajua ni wajibu wake kupanda kiti na kuishusha nyingine.